Zamu ya Dida

Jumatatu, 10 Oktoba 2022

Watu kumi na wanne leo ndani ya kisima. Mwaka juzi tulitosha tisa. Maji yanashuka, nasi tunayafuata. Kila mtu kwenye kipago chake, anapokea ndoo ya chini, anampa wa juu, na wimbo juu yake ili mikono isipishane. Akikosekana mmoja katikati, ndoo haina njia.

Daftari hili nilipewa na watu wa shirika niandike zamu za mifugo, kwa kuwa mimi ndiye abba herega, baba wa zamu. Zamu ninazo kichwani tangu nilipomrithi baba yangu. Tangu lini zikahitaji karatasi? Basi naandika mengine. Mke wangu Dhaki hajui kusoma. Huqa, mtoto wa mdogo wangu, anajua, ila siku hizi hagusi kitu changu.

Mvua hakuna. Msimu wa tano sasa. Nimeacha kutazama mawingu, yananipandisha hasira bure.

Amekuja bwana wa wilaya. Mtambo wa kuchimba unatoka Addis, utafika Ijumaa ya tarehe 28. Kisima cha bomba, maji ya mwaka mzima, hata shule itafunguliwa tena. Akarudia mara tatu: sharti ni moja, amani. Ukisikika mlio mmoja wa bunduki, dereva anageuza.

Anajua anachosema. Mwaka jana mwezi wa pili mtambo ulishafika Mega. Siku hiyo hiyo vijana wetu wa Borana na vijana wa Wagarre, majirani zetu, wakagombea lambo lenye maji ya kulowesha kisigino. Walikufa watatu. Wawili wa kwao, mmoja wa kwetu. Huyo mmoja ni Dida, mdogo wangu, baba yake Huqa. Mtambo ukarudi ulikotoka. Wiki iliyofuata na lambo likakauka.

Siku kumi na nane. Nikiwashika vijana siku kumi na nane tu! Hasa mmoja.

Jumatano, 12 Oktoba

Ng'ombe wawili wa Sora hawakuamka. Sora ni binamu yangu na ndiye mdomo wa kijiji. Amekaa karibu na mizoga akaniambia, "Bwana Jaarso, hawa wafute kwenye zamu. Wamekwenda kunywa kwa Mungu, huko hakuna foleni." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Zamu naziita asubuhi ukingoni, kwa majina ya wenye nyumba. Jina likiitwa, ng'ombe wa nyumba hiyo wanasogea horini, wengine wanakaa mbali. Dida bado namwita. Zamu haifi na mtu. Jina lake litaitwa mpaka Huqa aoe, ndipo la mwanawe litashika nafasi. Dida aliacha ng'ombe sitini na wawili. Leo nimeita "Dida!" wakasogea wawili, na Huqa nyuma yao ameshika fimbo ya baba yake. Zamu ya kunywesha kundi zima, kwa ng'ombe wawili. Nilitazama pembeni.

Angekuwa ameoa mwaka huu. Msichana yupo, na kwao walikubali. Mahari ndiyo iliyolala mbugani ikiliwa na tai.

Chakula: mahindi ya msaada, chai bila maziwa. Dhaki anasema hajasikia harufu ya siagi tangu mwezi wa sita.

Ijumaa, 14 Oktoba

Mgarre amekuja kuomba maji.

Alisimama mbali na kisima, kama sheria inavyotaka, akalaza fimbo chini, akangoja aulizwe. Mzee wa umri wangu. Anaitwa Abdinoor. Nyuma yake mtoto wake wa kiume Mahad, binti mmoja, na ng'ombe thelathini na mmoja ambao mbavu zao ungeweza kuzihesabu kutoka Moyale. Lugha yetu anaisema vizuri kuliko Sora. Alikaribishwa chai, akainywa amesimama.

Alisema mashine ya kisima chao imekufa siku ya kumi na mbili sasa. Fundi haji, anaogopa njia. Wengine wameelekea Somalia. Yeye hakuweza, ng'ombe wasingefika. "Nimekuja kwa sheria yenu," akasema, "maana yetu na ya serikali, zote mbili zimekauka."

Baraza la kisima likakaa pale pale. Sheria ni nyepesi kuliko watu wanavyoifanya: mwenye kiu hafukuzwi kisimani, hata akiwa adui. Atangoja nyuma ya wenyeji, lakini atakunywa. Sora akasema, "Mgeni njoo mwenyeji apone, nasikia. Sasa mwenyeji gani atapona hapa?" Tukabishana mpaka jua likageuka. Nikawakumbusha mtambo. Nikawaambia kuwa huyu si wa lambo lile, hata njia ya kule haijui. Mwishowe wamekubali: kila siku ya nne, baada ya zamu zetu zote. Ya kwanza Jumapili.

Huqa aliondoka kabla sijamaliza kutamka. Hakugomba wala hakutema mate. Aliinuka tu, akajipangusa vumbi, akaenda zake.

Jumapili, 16 Oktoba



Zamu zetu ziliisha saa nane. Nikaita, "Abdinoor!" Ng'ombe zake wakaja wakipiga kelele, walishanusa maji. Na vijana wetu wote kumi na wanne wakatoka kisimani, mmoja mmoja, wakaenda kukaa kwenye kichuguu. Wakatutazama.

Nikauliza kuna nini. Mmoja akanijibu kwa adabu kabisa, ndiyo iliyoniuma: "Baba wa zamu, maji amepewa. Mikono hatukuahidi."

Na ni kweli! Sheria inasema usimnyime maji. Haisemi umtekee. Babu zetu hawakuiandika hiyo kwa sababu hawakumwona mtu wa kuhitaji kuandikiwa.

Abdinoor ana watu watatu akiwemo yeye. Kisima kinataka kumi na wanne. Walishuka hivyo hivyo. Mahad chini kabisa, binti katikati, mzee juu, na kati yao giza tupu. Ng'ombe mmoja akapiga magoti kwenye hori kavu. Nikavua shati nikaingia. Miaka sitini na moja na goti bovu. Sikuwa shujaa, nilikuwa na aibu. Dhaki akaja na wanawake sita, kanga zimefungwa kiunoni, hakuna aliyewaita. Tukawa kumi na mmoja. Mapengo yaliyobaki tukayafunga kwa kamba.

Bila wimbo haiendi. Mahad akaanza, kule chini, wimbo wetu sisi, wa kuwasifu ng'ombe. Sauti nzuri. Lakini wimbo wa kisima ni wa kuitikiana, na wanaume wa kuitikia walikuwa kwenye kichuguu. Anaimba mstari, ananyamaza, anangoja. Kimya. Ndoo inachelewa. Anaanza tena. Nimeishi na kisima hiki maisha yangu yote, sijawahi kusikia kitu cha upweke kama hicho.

Huqa ndiye muitikiaji bora tuliye naye. Nilipotoka kupumua nikamwona kichuguuni, amekaza taya. Midomo inacheza yenyewe. Hakutoa sauti.

Wamekunywa nusu. Watano wamekufa hapo hapo horini.

Jumatatu, 17 Oktoba

Siwezi kuinua mkono kufika kichwani. Dhaki amenikanda, ananicheka, kisha akalia.

Nimezungumza na Huqa. Kwa kweli nilizungumza mimi. Mwisho akaniuliza swali moja, "Baba mkubwa, ingekuwa ni wewe uliyefia lambo, baba yangu angemtekea Mgarre maji?"

Nikamjibu ndiyo. Sijui. Dida alikuwa na moyo mkubwa na hasira kubwa, ilitegemea ipi imeamka mapema. Lakini nilisema ndiyo.

Alhamisi, 20 Oktoba

Nitaandika taratibu ili nisiharibu.

Nilipoita "Abdinoor!" vijana walitoka tena, wakaelekea kichuguu chao. Nikaanza kuvua shati. Mara nikaona Huqa amebaki. Amesimama kwenye kipago cha nne kutoka chini, mgongo ukutani, mikono imefunguliwa, anangoja ndoo. Hakumwangalia mtu.

Wakamtazama. Mtoto wa Dida! Yeye akikaa, nani ana haki ya kuondoka? Akarudi mmoja, wa pili, kisha wote wakisukumana. Mahad akaanza wimbo. Huqa akaitikia. Ee Mungu. Sauti zao mbili zilipanda pamoja na ndoo, na kisima kizima kikaitika. Ng'ombe wote wa Abdinoor walikunywa mpaka wakaacha wenyewe.

Baadaye niliwakuta hao wawili wamekaa kwenye hori, wanabishana ni rangi ipi ya ng'ombe inayovumilia ukame. Mahad anasema wekundu. Huqa anasema, "Wekundu? Wekundu wako wote wamekufa, sasa unashauri nini?" Mahad akacheka mpaka akakohoa. Akamwambia kuna jiwe chini limelegea, ukisimama penye maji kisimani uangalie mguu wa kushoto.

Nilikwenda nyuma ya zizi nikalia kama mtu aliyefiwa. Ilikuwa ni furaha. Dhaki alidhani nimeumwa na nge.

Siku nane zimebaki.

Jumamosi, 22 Oktoba

Bwana wa wilaya amepiga simu. Mtambo umeondoka Addis. Sora ameanza kugawa maji ya bomba ambalo halijachimbwa: huyu bustani, yule birika. Nikamwambia asubiri kwanza tobo. "Wewe subiri tobo," akasema, "mimi nishapanda vitunguu kichwani."

Huqa amekula nyumbani leo. Ameniita "mzee" kwa utani wake wa zamani.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mimi ni mpumbavu. Naandika hivyo kwanza, ili lisipotee katikati ya maneno mengine.

Ng'ombe kumi na tisa ndio waliobaki kwa Abdinoor. Kumekucha wamelala ubavu. Alikuja asubuhi akaniambia hawatafika saa nane. Hakuomba, aliniarifu tu. Nikatazama zamu zangu kichwani. Zote zimejaa. Ila moja. Zamu ndefu, ya tatu asubuhi, na ndani yake ng'ombe wawili. Nikaona nafasi tupu. Nikafikiri kama karani: kuna nafasi, kuna kiu, weka kiu kwenye nafasi. Huqa alikuwa ameshashuka kwenye kipago chake. Kumwita apande ni kusimamisha ndoo zote. Nikasema nitamweleza jioni. Juzi juzi walikuwa wanacheka pamoja, hatajali. Ndivyo nilivyojiambia.

Nikamwambia Abdinoor asogee zamu ya tatu.

Na zamu ya tatu ilipofika, mdomo wangu ukafanya ulivyozoea miaka yote. Nikaita, kwa sauti yote, "Dida!"

Wakasogea ng'ombe wa Wagarre.

Watu wote ukingoni waligeuka.  Nimeita jina la marehemu mbele ya ukoo wake, na walioitika ni mifugo ya watu waliomuua. Haidhuru si wao hasa. Kila mtu aliona kwa macho yake zamu ya Dida ikinywewa na ng'ombe wa Wagarre, na aliyeigawa ni kaka yake.

Kutoka chini huwezi kuona horini. Unasikia tu. Huqa alisikia jina la baba yake, akaitikia wimbo kwa nguvu kuliko siku zote, akidhani anawatekea wale wawili wake. Kisha kijana wa juu akamnong'oneza anayenywa ni nani.

Aliweka ndoo kwenye kipago. Akapanda. Alipita mbele yangu akiwa amelowa mpaka kiunoni, akanitazama kama anamtafuta usoni mwangu mtu ambaye hayupo. Nikasema, "Huqa, mwanangu." Akaendelea.

Mnyororo haukukatika, mwingine alishika nafasi yake. Ng'ombe walikunywa wote kumi na tisa. Wa Dida wawili walikunywa mwisho, baada ya wote.

Jumanne, 25 Oktoba

Huqa hakulala nyumbani. Kwa yule msichana anayetaka kumwoa hayuko. Kwa wajomba zake hayuko.

Dhaki amenieleza asubuhi, uso umeinamia moto. Bunduki ya Dida haikuzikwa kama nilivyoagiza. Huqa alimwomba amwachie kitu kimoja cha baba yake, naye akashindwa kukataa, wakaificha kwenye paa la nyumba ya ndama. Kwa sababu ndama hakuna, nani angeingia?

Nikapanda kutazama. Nyasi zimesukumwa upande. Pale ilipokuwa pana umbo lake.

Sikumgombeza. Mimi niliyemwita marehemu kwa kiu ya mgeni, nimgombeze nani?

Nilikwenda kumwonya Abdinoor. Nilifika mpaka kambini kwake. Nikakaa. Binti akanipa chai yenye sukari, na sukari wenyewe hawana. Nikasema tu, kuwa mwangalifu na malisho ya upande wa bonde, kuna fisi. Fisi! Akanishukuru. Nilishindwa kutaja. Ningesema "kijana wangu ana bunduki," angehama saa ile ile na ng'ombe wangefia njiani, au angewapigia wenzake simu na wangekuja na za kwao. Hivyo ndivyo nilivyojitetea nikirudi. Sasa naona nilikuwa namficha mtoto tu.

Jumatano, 26 Oktoba

Mlio mmoja. Saa tano asubuhi, upande wa bonde.

Mahad. Alikuwa anakata majani ya mgunga kuwalisha ng'ombe. Risasi ya kifua. Alifika hapo na shoka mkononi na hakufika popote tena.

Wamemzika adhuhuri. Tulikwenda wanaume watano. Abdinoor alitupokea, akatupa koleo tukasaidia kufukia. Ardhi ngumu kama chungu. Hakuuliza. Aliona machoni mwetu kwamba tunajua kitu, hakuuliza.

Mtambo umesimama Mega. Dereva amesikia.

Alhamisi, 27 Oktoba

Wazee wa Wagarre wamepiga simu. Wamesema vizuri, bila matusi, na ndilo linalonitisha. Watakuja kesho. Neno lao: mtajeni mmoja kwa jina, tukae tuhukumu damu kwa njia ya wazee, yaishe. Msipomtaja, basi aliyeua ni Borana wote, na vijana wao wanajua njia. Bwana wa wilaya naye: mtambo unangoja mpaka kesho saa sita. Baada ya hapo unakwenda kwa watu wengine walioomba. Hakosekani wa kuupokea, nchi nzima ina kiu.

Baraza limekaa. Kila mtu anajua, hakuna aliyeona. Jambo lililoanzia kisimani hutamkwa na baba wa zamu. Sheria tena. Wakaniangalia.

Sora alinivuta pembeni. Mara ya kwanza maishani ananong'ona. "Mtaje, ndugu yangu. Zamani tungelipa. Kwao damu ya mwanamume ni ngamia mia, tungechanga ukoo mzima, kijana akarudi nyumbani. Sasa uchange nini? Ukiwakusanya ng'ombe wa ukoo wote walio hai hawajazi hata hori. Watamtaka yeye mwenyewe." Akafuta pua. "Mtaje hivyo hivyo. Au usimtaje. Mimi sijui, Jaarso. Ningekuwa wewe ningeomba nife leo."

Hili sikuwahi kulifikiria. Niliona ukame umechukua maziwa, mahari, shule. Sikuona kwamba umechukua na fidia. Tulikuwa tunapigana toka zamani, lakini tulikuwa na cha kulipia.

Huqa amerudi, jua linazama. Ameingia, amekaa mahali pake. Bunduki hana. Dhaki amempa uji, ameushika mpaka umepoa.

Nikamwuliza kwa nini yeye. Kwa nini Mahad, si mimi niliyekosa?

Aliweka uji chini. Akasema, "Ulipomwita baba, nilifurahi. Nikasema, leo nawatekea ng'ombe wa baba na rafiki yangu yuko chini yangu. Niliimba, baba mkubwa." Kisha, "Nilimwona bondeni. Aliniona na yeye. Akanipungia mkono."

 Dhaki alitoka nje.

Ijumaa, 28 Oktoba

Saa nne. Niko ukingoni, nimekaa kwenye hori, naandika. Wanadhani napanga zamu, wameniacha.

Wazee wa Wagarre wamefika, magari mawili. Wako kwenye kivuli cha turubai na baraza letu, wanakunywa chai, wanasubiri zamu za asubuhi ziishe ndipo tukae. Ng'ombe kwanza. Wameona ni sawa, kwao ni hivyo hivyo. Mtambo bado Mega. Bwana wa wilaya ameshapiga simu mara mbili.

Na Abdinoor amekuja. Sikumtegemea. Leo ni siku yake ya nne. Amekuja na ng'ombe kumi na wanne na binti. Nikampa pole tena, nikamwambia hakuna ambaye angemlaumu kama angekaa msibani. Akasema, "Ng'ombe hawajui msiba, Jaarso." Sauti imemkauka, inatoka kama mchanga. Baraza limempa zamu ya mapema, hakuna aliyepinga. Hata wale wa kichuguu. Wameshuka wote bila kuitwa, wako kwenye vipago vyao.

Kasoro wa chini. Nafasi ya Mahad. Tulitazamana nani ashuke huko, kila mtu akatafuta kitu cha kutazama.

Huqa amekuja kutoka nyumbani. Nilimwambia asitoke! Amepita katikati ya wazee wa pande zote mbili, akawaamkia, wakamwitikia. Mzee wao mmoja amemsifu kwa adabu. Amevua shati, amelikunja, ameliweka mbele ya miguu yangu. Sasa anashuka. Naona kichwa chake kwenye kipago cha tano. Cha saba. Simwoni.

Sora ananitazama. Dhaki ananitazama, mikono kichwani. Mimi ndiye wa kuita zamu, na nikishaita, wakishakunywa, ndiye wa kutaja. Mzee huyu atanywesha ng'ombe zake kwa mikono hiyo, kisha nimgeukie nimwambie ni ya nani. Au ninyamaze, saa sita ipite, mtambo ugeuze, na usiku waje vijana wao. Hakuna njia ya tatu, nimeitafuta tangu jana.

Abdinoor amekuja kusimama karibu yangu. Anachungulia kisimani. Anauliza ni kijana gani ameshuka chini. Nimemwambia ni Huqa wangu. Ametikisa kichwa, ameridhika. Anasema, mwambie aangalie mguu wa kushoto, kuna jiwe limelegea, Mahad alikuwa akilisema sana. Yeye sauti yake haifiki. Ananiomba nimpazie sauti mimi.

Nimesimama. Ananingoja. Sijasema kitu bado.